Vyombo vya kioo vya zamani, Ujiji na Tabora: ununue kipi kwanza

Wadau, siku hizi kila bakuli la kioo ukiuliza unaambiwa la enzi za Mjerumani. Mjerumani Tabora kaondoka 1916, kwa hiyo acha kioo chenyewe kiseme umri wake. Nimepanga kuanzia cha kukimbilia.

Namba moja ni chombo chenye alama ya usajili ya Uingereza. Kigeuze, osha kitako, tafuta umbo la almasi lenye herufi pembeni na III juu yake, hiyo ilitumika 1842 mpaka 1883, halafu kuanzia 1884 wakawa wanaandika Rd (yaani umesajiliwa) na namba. Ukikuta na kichwa cha tausi basi ni cha kiwanda cha Sowerby cha Gateshead, Uingereza, hapo usivutane sana bei! Ila mwaka unaoupata kwenye alama ni wa kusajili muundo, chombo chenyewe kinaweza kuwa cha baadaye.

Pili ni vya kalibu, yaani kioo kilichobanwa ndani ya umbo la chuma, visivyo na alama. Hapa ndo watu wanapigwa, unauziwa kwa bei ya kioo cha kuchonga kwa mkono. Pitisha kidole kwenye nakshi, ya kuchonga ina makali, ya kalibu imelainika kama sabuni iliyotumika, na utaona mshono pale vipande vya kalibu vilipokutana. Kitako cha chombo kilichotumika miaka kina mikwaruzo ya kila upande, ikinyooka yote upande mmoja hiyo ni msasa, rudisha.

Tatu, vya kijani-njano. Washa ile tochi ya kukagulia noti gizani, kikiwaka kijani kikali kina madini ya urani. Vinapendeza mno, ila vinatengenezwa hadi leo, kwa hiyo kuwaka peke yake hakuthibitishi umri.

Nne, glasi za Duralex. Za Ufaransa, zimeanza 1945, na namba ya kitakoni ni ya kalibu, sio mwaka. Hizi nunua unywee chai, kioo chake kimekomazwa, vile vya namba moja hadi tatu ukivimiminia chai ya moto vinaweza kupasuka.

Chenye ufa acha, hata kiwe na tausi.

Vizuri viko makabatini kwa mabibi, hasa nyumba za zamani za Ujiji. Shikamoo kwanza, kaa, ongea, na akisema cha urithi hauzi, usimbane, omba tu upige picha ya kitako.