Uzio wa umeme wa Aberdare: unafaa, mradi kuna wa kuufyekea

Uzio wa umeme unaoizunguka hifadhi ya milima na misitu ya Aberdare, nchini Kenya, ulianza kujengwa 1989, ukakamilika 2009. Una urefu wa kilomita 400 hivi, na shirika la Rhino Ark ndilo lililochangisha fedha na kuujenga. Kwa kazi ya kutenganisha tembo na mashamba ya viazi na mahindi, ni uzio mzuri. Anayetaka wa aina hii kwa hifadhi nyingine ajue kwamba gharama huanza upya siku ya kuuzindua.

Adui mkubwa ni majani. Aberdare mvua haikauki, na jani bichi likigusa waya, umeme huvujia ardhini kimyakimya. Voltimita pekee ndiyo itakayokuonyesha kwamba volti 7,000 zimeshuka hadi 3,000, na hapo tembo huenda wameshajua. Kwa hiyo kufyeka ni kazi ya mwaka mzima, na waya wa chini ndio wa kukaguliwa kwanza.

Tembo nao wana akili. Pembe haipitishi umeme vizuri, basi dume mzoefu hukata waya kwa pembe au huangusha nguzo. Kinga yake ni vipande vya waya wenye umeme vinavyochomoza kutoka kwenye nguzo kuelekea msituni, ili asiifikie nguzo kabla ya kupigwa. Usikubali uzio wa tembo usio na hivyo.

Kwenye maeneo makame tatizo ni arthi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia udongoni. Udongo mkavu haurudishi umeme kwenye mashine inayoulisha uzio, hivyo mnyama anagusa waya na hapati kitu. Chimbia nondo tatu au zaidi za mita 2, kisha pishanisha waya wa umeme na waya wa arthi kwenye uzio wenyewe.

Betri za sola hudumu miaka 3 hadi 5. Nguzo za mkaratusi, hata zikitiwa dawa, huanza kuoza pale zinapoingia udongoni: fukua kidogo, choma kwa kisu, kikizama badilisha.

Kinachouma ni kwamba wafadhili hupenda kilomita mpya, ilhali uzio unashikiliwa na mtu mwenye panga na voltimita anayetembea kipande chake kila siku. Mshahara wake, betri na nguzo za akiba viandikwe kwenye mkataba kwa miaka 10 kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa. Fedha zisipotosha, punguza kilomita, usipunguze walinzi.