Wikiendi Lisbon: achana na foleni, nenda kaone dhahabu ya Kilwa

Lisbon, mji mkuu wa Ureno, naupa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeinyima kwa sababu ya foleni, ingawa nyingi ya foleni hizo unaweza kuzikwepa usikose kitu.

Ya kwanza ni ya tramu namba 28, ile ya njano inayopigwa picha na kila mgeni. Inaanzia Martim Moniz, na ukichelewa kuamka utakuta watu wamejipanga mpaka kwenye kona. Ndani mnabanana kama daladala ya Mbagala jioni, dirishani huoni kitu, na vibaka wa mifukoni wanaijua kazi yao. Ipande alfajiri au iache kabisa. Mitaa ya Alfama inayopita inatembeleka kwa miguu, ila vaa viatu vyenye soli ya kushika, kwani vijiwe vyeupe vya njiani vinateleza vibaya mvua ikinyesha. Halafu kuna lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902. Nilikuta watu wanasubiri muda mrefu kupandishwa mita 45 tu. Mimi nilipandisha mlima taratibu hadi Largo do Carmo, nikazunguka nyuma ya kanisa ambalo paa lake liliporomoka kwenye tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 na halikurudishwa tena. Pale kuna roshani ya wazi, huna cha kulipa, na mji wa chini wote unauona.

Bajaji zimejaa, nyingi za umeme. Dereva mmoja alinitajia bei ya saa moja, nikamshukuru, nikaendelea na miguu yangu.

Belém ndiko kwenye mambo. Unakwenda kwa tramu namba 15 ukifuata mto Tagus. Foleni kubwa ya Jerónimos, monasteri ya kale, ni ya ua wa ndani, ambako unalipia. Kanisa lina mlango wake na kuingia ni bure. Ukishaingia tu, Vasco da Gama huyo hapo, amechongwa kwa jiwe, amelala chali, viganja amevikutanisha kama anayesali. Jina hilo tulimezeshwa shuleni pamoja na Malindi na njia ya India, na sikutegemea kusimama hatua mbili kutoka kaburini pake. Mnara wa wavumbuzi uliojengwa 1960 nao uko jirani, lakini mimi sikupanda. Vitobosha vya maziwa na mayai vya Pastéis de Belém, duka la tangu 1837, vina sifa vinazostahili. Usijipange nje na wanaofungashiwa, ingia ndani ukae, nyunyizia mdalasini, ule vikiwa vya moto.

Sasa kile kilichonifanya niandike. Watalii wengi hawafiki Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes, na humo ndimo ilimo Custódia de Belém. Ni chombo cha ibada cha Kikatoliki kilichotengenezwa na sonara Gil Vicente kwa amri ya Mfalme Manuel I wa Ureno. Kimo chake kinapita kidogo sentimita 70, chote dhahabu na rangi za enameli. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka kioo, kila mmoja ana sura yake, na juu yao ananing'inia njiwa mweupe mdogo. Inama usome kitako. Maandishi yaliyozungushwa pale yanasema kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikamalizika 1506. Hawakuficha. Kodi hiyo Vasco da Gama aliidai mwaka 1502, mizinga ikiwa imeelekezwa mjini. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alikuja na kundi jingine la meli, akauteka mji wenyewe, kisha akaenda kuichoma Mombasa. Kwa hiyo sonara alipokuwa anamalizia kazi yake, waliotoa dhahabu walikuwa wameshaporwa. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kuniangalia.

Chakula hakisumbui. Mitaa ya nyuma ya Martim Moniz ina migahawa ya halali ya Wabangladeshi, na vioski vingi vinauza sambusa. Msikiti Mkuu, uliofunguliwa 1985, uko karibu na Praça de Espanha. Jumuiya yake ilianzishwa kwa kiasi kikubwa na Waislamu waliotoka Msumbiji.

Uwanja wa ndege una metro, huhitaji teksi. Nunua kadi ya Navegante, uijaze tiketi ya saa 24, utapanda metro, basi na tramu. Jumatatu makumbusho hayo na Jerónimos hufungwa, na majengo ya kale huwa yanafungwa pia kwa ukarabati, kwa hiyo angalia kabla ya kukata tiketi ya ndege. Kama una nafasi ya mahali pamoja tu, Mnara wa Belém, ile ngome ya kale ya kando ya mto, utazame kwa nje, muda uliobaki upeleke Janelas Verdes.