Ritifaa (') si uchafu!

Naanza na hilo kwa sababu waliotengeneza programu hii ya kusafisha data, tena ya kulipiwa, hawalijui. Juzijuzi nimeipitisha kwenye jedwali la wateja, Ng'ang'a akatoka Nganga. Ikaona sasa kuna Nganga wawili, ikawaunganisha wakawa mteja mmoja! Mhudumu wao, bila hata pole, akanijibu kuwa alama hizo huondolewa kwa faida yangu. Faida ipi? Bila bakapu ya usiku, wale wawili wasingetenganishika tena.

Kosa ni la kitoto. Kitufe cha kusafisha kinafuta chochote kisicho A hadi Z, tarakimu au nafasi. Hata + ya +255 imekwenda.

Haya, nisiwaonee. Nafasi zile za ajabu zinazokuja na majina yaliyonakiliwa kwenye kurasa za wavuti, imezimaliza zote. Trim, amri ya kukata nafasi kwenye PostgreSQL (mfumo wa hifadhidata), haiziwezi: inaondoa nafasi ya kawaida tu, namba 32 kwenye orodha ya herufi za kompyuta, tena ya pembeni, namba 160 inaipita kama haioni. Kwa hilo nilitaka kuwapa nyota tatu. Ila kazi yenyewe ni amri moja, bure, mradi hifadhidata iwe ya UTF8 (mtindo wa kuhifadhi herufi za lugha zote):

UPDATE wateja SET jina = btrim(translate(jina, chr(8217) || chr(160) || chr(8203), ''' ')) WHERE octet_length(jina) <> length(jina);

Namba 8217 ni ritifaa iliyopinda, ile ya simu. Inageuzwa kuwa ya kibodi, ndipo ukitafuta Ng'ang'a unawapata wote. 160 inakuwa nafasi ya kawaida. 8203, isiyo na upana kabisa, haina mwenzake upande wa pili, kwa hiyo inafutika. WHERE inachagua majina yenye herufi ya zaidi ya baiti moja (herufi za kawaida ni baiti moja moja), basi. Tab na enter (9, 10, 13) ni baiti moja moja, zitakuponyoka. Hizo zifuate kwa regexp_replace(jina, '\s+', ' ', 'g'), inayogeuza kila rundo la nafasi kuwa moja.

Tangulia na BEGIN, mabadiliko yasikamilike mpaka useme COMMIT. Ikikuambia imegusa mistari 40,000 nawe ulitarajia 300, andika ROLLBACK, yote yarudi yalivyokuwa, ukapumue.

Programu yao haina ROLLBACK. Inaandika moja kwa moja, haiulizi, haionyeshi kwanza itakachobadilisha. Nyota mbili, kwa zile nafasi tu. Hapana, moja. Mpaka wawarudishe Ng'ang'a wangu.