Masquerade au src-nat: uweke ipi kwenye MikroTik?

Kwenye RouterOS, mfumo unaoendesha ruta za MikroTik, masquerade na src-nat zote mbili huchukua anwani za ndani, tuseme 192.168.88.0/24, na kuzitoa nje kwa anwani ya laini yako. Tofauti ni nani anayeichagua hiyo anwani. Kwa src-nat unaiandika mwenyewe kwenye to-addresses. Kwa masquerade ruta huisoma kwenye intafesi ya kutokea.

Una PPPoE (laini ambayo ruta huingia kwa jina na nenosiri) na anwani hubadilika laini ikikatika? Weka masquerade, usijisumbue.

Ukiwa na anwani ya kudumu, mimi nachagua src-nat bila kusita. Intafesi ikianguka, masquerade hufuta miunganisho yake yote kwenye jedwali la ufuatiliaji, yaani orodha ya miunganisho ambayo ruta inaikumbuka. Laini ikiyumba kidogo tu, mtu aliyekuwa kwenye VPN anaweza kutupwa nje. Src-nat huiacha miunganisho palepale, laini ikirudi kazi inaendelea.

Mambo hugeuka ukiwa na laini mbili. Laini ya kwanza ikifa, muunganisho wa src-nat huhamia ya pili ukiwa bado na anwani ya zamani, na majibu hayarudi. Hapo ule ufutaji wa masquerade ndio unaokuokoa.

Kwenye laini mbili huwa unatumia pia alama za njia, zinazoamua pakiti itokee laini ipi. Hizo hazijali umechagua ipi, maana NAT ya aina hii (ubadilishaji wa anwani ya mtumaji) hufanyika baada ya njia kuamuliwa. Ila kwenye toleo la 7 tengeneza kwanza jedwali la njia ndani ya /routing table, lenye fib (ili ruta ilitumie kupeleka pakiti), ndipo mark-routing, amri inayoweka alama hizo, ilitumie. Na tafadhali, miunganisho yenye alama itoe kwenye FastTrack (njia ya mkato ya kuharakisha pakiti), la sivyo pakiti zitaruka mangle, sehemu inayoweka alama, na kutokea laini isiyo yake.