Terminali za maabara ya shule: ipi ununue kwanza

Shule inayotaka nafasi 20 za kompyuta hailazimiki kununua kompyuta 20 kamili. Seva moja yenye nguvu, swichi nzuri ya mtandao na terminali ndogo (visanduku vya mezani vinavyotegemea seva) zinatosha. Tatizo ni kwamba fedha huishia kwenye vifaa vya mezani, halafu seva na swichi zinanunuliwa kwa chenji iliyobaki. Geuza mpangilio huo.

Kwa terminali, naiweka mbele Dell Wyse 5070 ya mtumba. Haina feni ya kuvuta vumbi, haili umeme mwingi, na hata bila diski inachota mfumo wake kutoka seva ya LTSP, programu ya bure ya Linux iliyoanza mwaka 1999. Tafuta yenye RAM ya GB 4 au zaidi, maana LTSP ya sasa huendesha kazi kwenye terminali yenyewe. Seva inabaki kutunza mafaili na akaunti. Chungulia na matundu ya nyuma: nyingi zina DisplayPort tu, wakati monita za shule bado ni za VGA. Adapta iingie kwenye bajeti. Mdogo wake, Wyse 3040, ana RAM ya GB 2 isiyoongezeka, na chaja zake ziko za volti 5 na za volti 12. Soma lebo kabla hujachomeka.

Nafasi ya pili ni CPU za zamani (kompyuta za mezani) zilizolala stoo. Zinakula umeme, lakini kama unazo, zijaribu kabla hujatoa shilingi. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, inafuata: ukishaongeza chaja, kasha na kebo ya micro-HDMI, unafuu unayeyuka, tena prosesa yake ni ya aina nyingine, ARM, hivyo inahitaji mfumo wake kwenye seva. Visanduku vya zamani vya kampuni ya NComputing, navyo vya terminali, sivishauri kabisa. Vimefungwa kwenye programu ya kampuni yenyewe.

Ukiamua Windows, kumbuka leseni ya RDS (huduma ya Windows inayowaruhusu watumiaji wengi kufanya kazi kwenye seva moja) kwa kila mtumiaji au kila kifaa, juu ya leseni ya seva.

Swichi iwe ya gigabiti, matundu 24. Kipindi kikianza, terminali zote 20 zinavuta kupitia waya mmoja wa seva: wa megabiti 100 unaiachia kila moja megabiti 5, wa gigabiti moja unaiachia 50. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ishike seva na swichi kwanza. Waya wa mtandao uwe wa daraja la Cat6, wa shaba tupu. Ulioandikwa CCA ni alumini iliyopakwa shaba. Dukani, kwangua ncha kwa wembe: ikitoka nyeupe, usiuchukue.