Seti ya simbilisi wawili wa kufuga ndani: wanyama safi, kizimba hapana

Naona watu wanampa huyu kaka wa Goba, Dar, anayeuza simbilisi (guinea pig) nyota moja moja eti wanyama wake waoga, hawashikiki, wanajificha tu kutwa nzima hela imeenda bure. Mimi nimechukua kwake wawili kwa ajili ya mwanangu na kuna vitu vya kumlaumu kweli, nitavisema huko chini, ila uoga sio kimojawapo jamani. Simbilisi ni mnyama wa kuliwa. Asili yake milima ya Andes huko Amerika Kusini, Peru mpaka leo ni kitoweo, hata hapa kwetu nenda Njombe, nenda Iringa, watu wanafuga kwa ajili ya nyama, na Kivu huko Kongo vilevile. Sasa mnyama ambaye mwewe anamtaka, nyoka anamtaka, paka anamtaka na binadamu naye kashika sufuria, wewe unategemea umtoe kwenye boksi akurukie mapajani? Akikuona anakimbia au anaganda hapohapo hata sharubu hazitikisiki, ndio ulinzi alionao huo, hana mwingine.

Haya huduma yenyewe. Unachagua kwa picha WhatsApp, unalipa nusu, nyingine wakifika. Mimi nililetewa asubuhi mapema kabla jua halijakolea na hilo nilimpa tano, maana hawa wakizidi nyuzi 27 hivi wanaanza kupata shida na wanaweza kufa kwa joto, na Dar mnaijua wenyewe. Seti ina simbilisi wawili, kizimba cha waya, chupa ya kunywea, pelleti (chakula kikavu cha punje) na kifuko cha kitambaa laini cha kujifichia.

Wanyama wako vizuri, macho makavu, pua safi, manyoya hayajanyofoka popote. Wote majike na alinigeuzia mmoja mmoja nikaona mwenyewe, usikubali kuuziwa kwa mdomo kwenye hili aisee, kwa sababu dume la wiki tatu nne tu linaweza kupandisha na mimba inachukua siku 59 mpaka 72, kuna watu wamenunua "madada wawili" na baada ya miezi miwili nyumba imejaa. Halafu kingine nilichompendea, hauzi mmoja mmoja. Ukimwambia nataka mmoja tu anakwambia basi sina. Kuna watu wamemlalamikia eti anatafuta hela, sio kweli, huyu mnyama akikaa peke yake ananyong'onyea na uoga unazidi, Uswisi tangu 2008 ni sheria kabisa haruhusiwi kufugwa peke yake.

Ila mimi nikiambiwa nitaje kitu kimoja kilichonifanya nione hela yangu imerudi ni voisi noti zake. Yaani kaka ana subira. Nilimuuliza mbona hawatoki, akanijibu, "Dada, siku za mwanzo usiwaguse kabisa. Kaa nao karibu, ongea, fanya shughuli zako pembeni yao, wajue sauti yako na harufu yako. Na mkono usitokee juu, wao kinachotokea juu ni mwewe." Basi tukafanya hivyohivyo. Mtoto akawa anasomea homuweki yake kwa sauti kando ya kizimba, mimi nachambua mboga hapohapo chini kwenye mkeka, hakuna anayewasumbua. Mwanzoni tukiinuka tu wanapotea. Baadaye wakawa wanachungulia, pua tu, halafu kichwa, halafu yule mweusi mweupe akawa anabaki anatuangalia huku mwenzake kajificha nyuma yake.

Kilichovunja ukuta ni pilipili hoho. Unakata kipande kirefu, unashika upande mmoja, unanyoosha mkono chini kwa usawa wao na unatulia, unaangalia pembeni, usimkazie macho. Atavuta, atakimbia nacho. Kesho tena. Baadaye kipande kinakuwa kifupi, anakulia mkononi. Kotmiri pia wanaipenda mno. Na hoho sio kwa ajili ya urafiki tu, simbilisi ni sawa na sisi binadamu, mwili wake hautengenezi vitamini C, asipoipata kwenye chakula viungo vinauma, fizi zinavuja damu, anakuwa hataki kushikwa na wewe unadhani ni uoga kumbe anaumwa. Saa hizi wakisikia mfuko wa plastiki tu unachakacha jikoni wanapiga mluzi mpaka jirani anauliza kuna nini, na jioni wakiwa na raha wanarukaruka kama bisi kwenye sufuria, ukiona hivyo jua mambo yamekaa sawa.

Kile kifuko ndio bidhaa bora kwenye seti nzima na watu wanakidharau wanadhani pambo. Ukitaka kumpakata humkimbizi kizimba kizima, unasubiri aingie mwenyewe kwenye kifuko, unakibeba kwa mikono miwili, unakaa chini sakafuni, unakiweka mapajani juu ya kanga na unamwacha atoke kichwa akitaka. Usimame naye hapana, akiruka toka kifuani mwako uti wa mgongo unaweza kwenda. Mtoto mdogo ndio kabisa akae chini. Akianza kusaga meno au kurusha kichwa, mrudishe, kachoka. Ubaya seti inakuja na kifuko kimoja kwa wanyama wawili, wanasukumana, mkubwa anamtoa mdogo. Mpelekee fundi cherehani akushonee cha pili, au chukua boksi la katoni utoboe milango miwili, sio mmoja, ili asibanwe kona na mwenzake.

Tulipopishana na yule kaka ni hapa, aliniambia wakishaanza kula mkononi niondoe vya kujifichia vyote "wasizoee kukimbia". Hapana bwana. Nilimkatalia na naendelea kumkatalia. Mnyama anayejua ana pa kukimbilia ndio anayethubutu kutoka, ukimwondolea atakaa kona anatetemeka na wewe utasema katulia.

Sasa lawama. Kizimba. Kwanza mlango uko juu! Huyohuyo anayesema mkono usitoke juu anakuuzia kizimba ambacho huwezi kuingiza mkono kwingine, kila ukiwapa maji wanatawanyika, kazi yote ya wiki inarudi nyuma. Pili sakafu ni waya, na nyayo za simbilisi hazina manyoya, waya unazichubua zinavimba vidonda ambavyo kupona ni kazi. Tatu ni kidogo, wawili wanahitaji kama mita moja na ishirini kwa sentimita sitini na huko kuongezea ni juu yako, hiki ni nusu yake sijui hata kama kinafika. Mimi nimekigeuza cha kusafirishia nikamwambia seremala wa mtaani anitengenezee cha mbao, sakafu kavu, mlango ubavuni, na siku hiyohiyo nikaona tofauti maana ukifungua unatokea usawa wa macho yao. Ukiwa na bajeti ndogo muombe akutolee kizimba kwenye bei, anakubali ukimbembeleza.

Pelleti nazo ni za sungura kafungasha upya, hazina tarehe, na za sungura haziwekwi vitamini C. Hata zile za simbilisi wenyewe vitamini inapungua kadiri zinavyokaa dukani. Sizinunui tena. Nawapa ukoka mwingi, mbichi na mkavu, kutwa nzima uwepo kwa sababu meno yao hayaachi kuota na bila majani ya kusaga yanazidi mpaka hawawezi kula. Ukoka chuma sehemu ambayo mbwa hawapiti na haijapigwa dawa. Parachichi, vitunguu, viazi mbichi, usiwape.

Na hili nalo alilisema mwenyewe bila kuulizwa, nikamheshimu zaidi, kwamba wakiumwa usichukue amoksilini yako iliyobaki kabatini ukawapa, inaua, inaharibu wadudu wazuri wa tumboni. Tafuta daktari wa mifugo. Chupa ya kunywea iko poa, haivuji.

Nyota nne. Moja imeliwa na kizimba na pelleti. Kwa bei, seti nzima ilinitoka laki na kidogo pamoja na boda, wanyama peke yao na kifuko ungelipa kama nusu hivi. Akikuwekea na mfuko wa maranda wa kulipia kataa, nenda kwa seremala yeyote utapewa bure, ila muulize kwanza kama hizo mbao zimepakwa dawa ya mchwa, na uchekeche vumbi lote litoke kabla hujatandika.