TAHADHARI: Anaweka cheki Ijumaa alasiri, anataka mzigo Jumamosi asubuhi

Jamani wenzangu mnaouzia nyumbani, iwe mashuka, mapazia, mazulia, keki au sabuni ya maji: kuna bwana anazunguka huku Pwani, kuanzia Mtwapa mpaka Ukunda, ananunua kwa cheki zisizo na kitu. Mmoja kati ya aliowaliza ni mwenzangu wa Likoni ambaye huwa tunachukua bidhaa pamoja Biashara Street. Ameniruhusu niyaeleze yaliyompata. Someni kwa makini, maana ujanja wote wa huyu mtu uko kwenye siku na saa anazochagua.

Anaanza kwa WhatsApp. Namba yako kapewa na mteja wako, ndivyo asemavyo, na anautaja mtaa wenu ili umuamini. Anafungua nyumba ya wageni Diani, na wageni wa kwanza wanaingia wikendi hii. Anataka mashuka meupe ya pamba, foronya na mapazia ya rangi ya kahawa, na maswali yake ni ya mtu anayejua: yakifuliwa yanajivuta? Rangi inatoka? Kitambaa ni cha upana gani? Sauti ni ya mtu mzima, mpole, Kiswahili chake kimenyooka. Halafu haombi kupunguziwa. Hapo ndipo pa kushtuka. Mteja wa Mombasa anayekubali bei ya kwanza kwa mzigo wa elfu themanini na kitu, bila hata "dada nifanyie bei nzuri", huyo hajali bei kwa sababu hana mpango wa kulipa.

Oda ya mwenzangu ilifika shilingi 86,000. Bwana akasema kampuni yake hailipi kwa M-Pesa, hesabu za ofisi lazima zipitie benki, akaomba jina na namba ya akaunti. Ijumaa, saa tisa na kitu alasiri, ikaja picha ya stakabadhi ya kuwekea pesa, ina muhuri na tarehe, jina la mwenzangu limeandikwa bila kosa. Tawi lenyewe la Malindi, huko hakuna anayemjua. Muda si muda simu yake ikalia: benki inamjulisha kwamba akaunti yake imeingiziwa shilingi 118,000. Ujumbe huo haukuwa wa kughushi. Ulitoka benki kweli, na ndiyo maana mtego huu unanasa hata watu makini.

Ile picha nimeitazama na kuikuza. Stakabadhi za kuwekea pesa huwa na sehemu ya noti na sehemu ya cheki. Sehemu ya noti, ukiitazama vizuri, haina kitu. Sehemu ya cheki haionekani kabisa, kidole gumba kimelazwa juu yake, kucha imekatwa vizuri, kama mtu aliyeshika tu karatasi isipeperuke. Mwenye haraka ataona muhuri na jumla, basi. Na bwana mwenyewe alikuwa amesema kwa simu, "Nimeshaweka pesa." Hakutaja cheki hata mara moja.

Jumamosi saa tatu asubuhi tuktuk ikafika. Dereva ni wa stejini tu, katumiwa nauli kwa simu, aliyemtuma hamjui hata kwa sura. Mzigo ukapakiwa, ukaenda. Kabla ya adhuhuri bwana akapiga tena: samahani sana dada, mhasibu wetu kakosea, kaandika 118,000 badala ya 86,000, tafadhali nirudishie hizo 32,000 kwa M-Pesa, nina mafundi hapa wananisubiri. Mwenzangu ni mtu wa dini, hakutaka kukaa na pesa isiyo yake. Akarudisha. Jumanne benki ikazitoa zile 118,000 zote. Cheki ilikuwa ya akaunti iliyofungwa. Mashuka yamekwenda, elfu thelathini na mbili za mtaji zimekwenda, na juu yake akakatwa ada.

Sasa kwa nini benki ilisema pesa zimeingia? Kwa sababu cheki inapowekwa, kiasi chake huandikwa kwenye akaunti siku hiyo hiyo, lakini bado ni maandishi tu. Benki yako lazima iiulize benki ya aliyeandika cheki: huyu mtu ana akaunti? Ana pesa? Sahihi ni yake? Hapa Kenya, tangu 2011, cheki yenyewe haisafirishwi tena kutoka benki hadi benki. Hupigwa picha, na picha ndiyo inayokwenda. Kazi hiyo imekuwa ya haraka, kwa kawaida majibu huwa tayari siku ya kazi inayofuata. Lakini Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Iliyowekwa Ijumaa baada ya benki kufunga hesabu zake za siku inahesabiwa kama ya Jumatatu, majibu yake ni Jumanne. Ukiongeza sikukuu hapo katikati, mwizi kapata karibu wiki nzima ya kufanya mambo yake huku wewe ukitazama salio zuri kwenye simu.

Kwa hiyo tazama salio lako vizuri. Programu ya benki huonyesha salio la jumla na salio unaloweza kutoa. La kwanza linahesabu na cheki ambayo bado haijapita. La pili ndilo lako. Kama huelewi unachokiona, pigia tawi lako, uliza swali moja: "Hizi pesa ni taslimu au cheki, na kama ni cheki, imepita?" Watakujibu. Ujumbe wa simu peke yake usiutolee mzigo.

Na hilo la kulipwa kupita kiasi halafu uombwe kurudisha kinachozidi, liogopeni kama moto. Mteja wa kweli akizidisha, anaweza kusubiri cheki ipite ndipo arudishiwe, tena kwenye akaunti ile ile aliyolipia, si kwa namba ya M-Pesa yenye jina la mtu mwingine. Mwenzangu alipolitazama baadaye jina lililotokea alipotuma, lilikuwa la mwanamke.

Kwangu alijaribu pia. Safari hii ilikuwa hosteli ya wanafunzi, lakini sauti ile ile, na tena Ijumaa. Nikamwambia karibu sana, cheki ikipita nitakupigia mimi mwenyewe, mzigo wako utakuwa tayari. Akaanza: "Dada, kwani huniamini? Pesa si unaziona kwenye simu?" Nikamjibu naziona, na mashuka yako pia nayaona, yamekunjwa hapa mbele yangu. Akakata. Hajapiga tena, na ile cheki, sina haja ya kuwaambia, haikupita.

Lakini tusije tukamwita kila mtu mwizi. Wengi wetu tuna wateja wa kweli wanaolipa kwa cheki: shule, kanisa, chama cha akina mama, ofisi ndogo ndogo. Cheki zao nazo hubaunsi mara moja moja, na wala hawakukusudia kukuibia. Benki ikirudisha cheki huandika sababu, na sababu hiyo ndiyo ya kuangalia kabla hujapandisha hasira. Kama ni tarehe imekosewa, au kiasi cha maneno hakilingani na cha tarakimu, au sahihi haifanani, mpigie mteja akuandikie nyingine. Imekaa zaidi ya miezi sita bila kuwekwa benki? Imepitwa na wakati, hapo hata kosa si lake. Kama ni pesa hazitoshi, mwulize kwa upole lini zitakuwepo, na usiirudishe benki kwa kubahatisha, kila ikirudi mnaweza kukatwa ada nyote wawili. Ikiandikwa kwamba akaunti imefungwa au malipo yamezuiwa na mwenyewe, hapo upole una kikomo.

Cheki halisi iliyorudishwa usimpe mtu mpaka pesa yako iwe mkononi. Atakuambia "nipe hiyo nikuandikie nyingine". Akiandika nyingine, wewe bado kaa na ya kwanza, umwonyeshe picha yake kama anataka kuiona. Hiyo karatasi na barua ya benki ndiyo ushahidi wako. Mwandikie ujumbe pia, usiishie kwenye simu ya maneno: taja kiasi, tarehe ya cheki, sababu ya benki, na siku unayotaka alipe. WhatsApp inatosha ilimradi ajibu, maana wengi hujibu "pole dada, nitalipa mwisho wa mwezi", na hapo ameshakiri deni kwa mkono wake.

Sheria ipo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 316A, inasema kumpa mtu cheki huku ukijua akaunti haina pesa za kutosha, au imefungwa, au umeshaiambia benki isilipe, ni kosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini kuna mlango watu hawaujui: ukikubali cheki yenye tarehe ya mbele, halafu ikakosa pesa, hilo la kukosa pesa halihesabiwi kosa chini ya kifungu hicho. Kwa hiyo mteja anayekuambia "chukua mzigo leo, cheki nimekuandikia ya tarehe 30", elewa kwamba umemkopesha. Kama ni mtu unayemjua anakofanya kazi, sawa. Kama umemjua kwa WhatsApp, hapana. Huyu bwana wetu wa Ijumaa yeye ana kosa zito zaidi, la kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungu cha 313, kifungo chake kinafika miaka mitatu.

Kituoni huenda ukaambiwa "hili ni deni, nenda kortini". Usiondoke bila namba ya OB, yaani ile ya kitabu cha polisi cha kuandikia matukio. Peleka cheki au nakala yake kutoka benki, barua ya kurudishwa, mazungumzo ya WhatsApp, na jina lililotokea kwenye M-Pesa. Eleza kwamba kulikuwa na uongo tangu mwanzo, akaunti ilikuwa imefungwa, nyumba ya wageni haipo. Hayo ndiyo yanayotofautisha deni na wizi. Na kama umerudisha pesa kwa M-Pesa ndiyo kwanza umeshtuka, usipoteze muda kumpigia mwizi simu kumlaani. Peleka ujumbe wa muamala huo kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, hapo hapo. Zikishatolewa na aliyezipokea, ndiyo basi tena.

Kwa mteja wa kweli anayekuzungusha, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kwenda mwenyewe bila wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Wengi wa wadaiwa hulipa wakishapokea karatasi tu, hata siku ya kusikilizwa haijafika.

Sisemi tukatae cheki. Ukipewa, kagua kwanza ukiwa naye hapo hapo: jina lako, tarehe, maneno na tarakimu, sahihi bila kufutwafutwa, na jina la mwenye akaunti lilingane na mtu au kampuni unayoiuzia. Kitabu cha cheki kinaweza kuibiwa kama kitu kingine chochote, na mwenye jina lile asijue lolote. Cheki ya zaidi ya milioni moja haipokelewi, malipo hayo ni ya kuhamisha benki kwa benki, kwa hiyo anayekuandikia milioni moja na nusu anakutania. Ile cheki ya benki yenyewe, ambayo watu huiona kama pesa taslimu, nayo hughushiwa. Pigia tawi lililoitoa, kwa namba uliyoitafuta wewe, usitumie aliyokupa mteja.

Mzigo uende kwa mtu wako wa boda au tuktuk unayemjua, mpaka mlangoni kwa mteja. Dereva wa Likoni aliyebeba ule mzigo alipatikana baadaye. Aliambiwa ashushe kando ya barabara Ukunda, kwenye kituo cha mafuta, ambako kijana mwingine alikuja na pikipiki akavichukua vifurushi vyote. Dereva masikini hakuwa na hata namba ya kutupa, ile aliyopigiwa ilikuwa imezimwa.

Namba za huyo bwana hubadilika, kwa hiyo mtambueni kwa mtindo: nyumba ya wageni au hosteli inayofunguliwa wikendi hii, haombi punguzo, anakataa M-Pesa ya kulipia ila anaitaka ya kurudishiwa, anaweka Ijumaa kwenye tawi la mji mwingine, anatuma usafiri wake mwenyewe. Taarifa imeshaandikishwa kituo cha Likoni. Aliyeuziwa hivi karibuni mashuka meupe ya pamba, yenye pindo la uzi wa bluu kwenye kona moja, bei ya kutupa, asiyafue kwanza. Ule uzi ni alama ya fundi wa mwenzangu, na polisi wanayataka.